Miaka Mitano ya Kuonja Udongo

Zawadi na Esta, Patron atawaambia niliacha kazi kwa sababu ya egzame ya Leta, mtihani wa kumaliza shule. Egzame ipo, na ninaiogopa, lakini siyo iliyonitoa. Haya nayaandika nyuma ya daftari langu la kemia, kwa kuwa mbele limejaa, na Yaya Neema atawapa. Ninyi mnanijua. Tangu muingie atelie ya sanamu hamjawahi kunisikia nikisema maneno kumi yanayofuatana. Basi nayasema hapa, kwa kalamu, na mkiona nimekandamiza mpaka karasi imetoboka, mjue ni hasira. Sitaificha.

Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Mdogo wangu alicheka niliposema neno hilo. Lakini mtu akifanya kazi miaka mitano, kila Jumamosi na kila vakansi ya shule, halafu akatoka na vidole vyenye nyufa, sijui mumuite nani. Habari za kupanda cheo siandiki, hakuna aliyepanda. Naandika juu ya vitu tunavyofinyangia, udongo na nta na sabuni na vingine, kwa sababu ndivyo vilinifundisha, na ndivyo vilinikosanisha na Patron. Mengine mnayajua, ila nitayaeleza kama kwa mtu asiyejua. Daftari huwa linapotea.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu anauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, karibu na bariere ya Kavimvira, mpakani, pale wenye kubadilisha feza wanapokaa na vimeza vyao, na Patron Bahati alikuwa mteja wake. Siku moja alimwambia anatafuta mtu wa mikono midogo, kwa kazi ya vitu vya watoto kuchezea. Mama akajibu kwamba binti yake anafinyanga ng'ombe wa udongo tangu ajue kukaa, lakini shida yake moja, haongei.

Patron akasema, "Haongei? Njo huyo namutafutaka."

Nilisikia nikafurahi. Nilidhani ni sifa. Ilinichukua miaka minne kuelewa alichokuwa anasema.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu mmoja anatengeneza sanamu ya kwanza, tunaiita modele. Inamwagiwa plasta mara mbili, mbele na nyuma, na plasta ikishika tunapata kalibu yenye nusu mbili. Ndani ya kalibu tunamimina resine, ile wanayozibia bodi za magari, na sanamu zinatoka moja baada ya nyingine mpaka kalibu ichoke. Kwa hiyo modele ikiwa na pua mbaya, watoto wote wa Uvira mpaka Bujumbura watachezea pua mbaya. Modele ndiyo kila kitu. Na modele inaanzia kwa swali moja: unaifinyanga na nini?

Aliyenifundisha kuuliza hivyo ni Yaya Neema, si Patron. Mnamjua kwa sauti yake. Wakati ule alikuwa tayari ndiye wa kalibu na rangi, ana mtoto mgongoni, na mtoto ana rangi ya bluu mashavuni siku zote. Alinipa bonge la udongo lenye ukubwa wa njugu.

"Weka mu meno," alisema.

Nikamwangalia.

"Mu meno, mutoto. Haiko chakula. Tafuna kidogo, halafu tema."

Nikatafuna. Nikasikia kwichi, kwichi, mpaka masikioni.

"Iko na muchanga?"

Nikaonyesha kwa vidole: kidogo.

"Kidogo ni muchanga. Pua ya sanamu iko kama punje ya muchele. Ukiweka chembe moja mule, umemupa muntu jiwe mu pua. Rudisha, uchuje tena."

Nilichuja udongo huo mara nne kwa kipande cha kitenge, na kila mara nilionja. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini udongo kwa macho. Macho yanadanganywa na rangi. Ulimi haudanganywi. Patron yeye alikuwa anashika bonge, anaminya mara moja, anasema, "Muzuri huu," na anakwenda kunywa chai. Sikuwahi kumwona akitia udongo mdomoni hata siku moja. Ningepaswa kuelewa kitu.

Udongo wetu wa kwanza ulitoka ufukweni, nyuma ya nyumba za mwisho. Ulikuwa wa kijivu, mlaini, na ulivumilia. Halafu ziwa likapanda. Likachukua shimo letu, likachukua na nyumba zenyewe, na mahali tulipokuwa tunachimba viboko wakaanza kuogelea. Patron alilalamika kwamba ziwa limemuibia. Majirani walikuwa wamelala darasani na magodoro yao, na yeye analilia shimo. Hasira yangu ya kwanza juu yake ilianzia pale, lakini ilikuwa ndogo, nikaifunika.

Tukaanza kuagiza udongo wa Lubarika, kutoka mashamba ya mchele ya tambarare. Ulifika ndani ya gunia, juu ya gari la mihogo. Ni mweusi, unanata, umejaa mizizi, na unanuka kama sufuria iliyosahauliwa. Kwa wanyama wanene unafaa. Kwa mtu, hapana, kwa sababu ukikauka unapungua sana, na unapasuka mahali pembamba kwanza: shingo, kifundo cha mkono, mkia. Nikawa kila Jumamosi nakuta watu wangu wamekatika vichwa. Yaya Neema akaviita vichwa hivyo "wabunge", kwa sababu vilikuwa vimekaa kwenye kopo bila kufanya kitu.

Mwaka wa pili Patron alikuja na wazo la mishumaa. Tuliiyeyusha, tukaichanganya na nta ya nyuki kutoka Mulenge. Siwezi kusema uongo, nta ni tamu kwa mkono. Unaweza kuchora ukope kwa mwiba. Lakini atelie yetu iko chini ya mabati, na saa saba mchana hapo ndani hata mtu mwenyewe anakuwa nta. Nilitengeneza kiboko kwa siku tatu. Saa nane nilikuta amelala. Kiboko kulala si ajabu, lakini huyu miguu ilikuwa imeingia tumboni. Patron alinigombeza kwamba sikumwekea kivuli. Nilitaka kumwambia kwamba kivuli cha mabati ni jiko. Sikusema. Niliandika tu katika daftari la nyumbani: kivuli cha mabati ni jiko. Ndivyo nilivyokuwa nikigombana na watu.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa sabuni. Sabuni ya mche, iliyokaushwa mwezi mzima juu ya kabati, unaichonga kwa wembe. Shida ya sabuni ni kwamba hairudishi. Udongo ukikosea unaongeza, sabuni ukikosea umekosea. Nilikata sikio la ng'ombe saa nne asubuhi, nikalia mpaka saa sita, halafu nikamkata na la pili ili yafanane. Lakini kwa ng'ombe huyo ndipo nilipopata njia yangu ya pembe. Pembe za ng'ombe wa kule juu Mulenge ni ndefu, zinapanda kama mikono ya mtu anayeomba, na hakuna sabuni wala udongo utakaozishika. Nikachukua sipoki za baiskeli, nikazikunja, nikazichoma ndani ya kichwa, nikazivika nta nyembamba. Zilisimama.

Na ndipo alipokuja Mama Consolata. Huyu ndiye mnunuzi mkubwa, anavusha sanamu zetu mpaka Bujumbura na anazishusha pia kwenye masoko ya kandokando ya ziwa. Ni mama mnene, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Alimshika ng'ombe wangu, akamgeuza, akavaa miwani.

"Patron," akasema, "kumbe weye iko na mikono."

Patron akacheka. Akaitazama mikono yake kama mtu aliyeletewa zawadi. "Tunajikaza, mama," akasema. Minye nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nachuja udongo. Kama angeniangalia tu. Hakuniangalia.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba ng'ombe ni wangu. Nilijitayarisha njia nzima namna ya kusema. Mama alikuwa anachagua ndagala kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Riziki, usianze uongo. Patron mwenyewe aliniambia ni yake. Weye unaosha mabakuli, na kuosha mabakuli si aibu."

Hapo ndipo hasira ilipokua. Kwa Mama Consolata sikujali sana, yeye ni mtu wa biashara. Lakini mama yangu alikuwa amekaa miaka mitatu akiamini ninaosha mabakuli, na aliyemwambia hivyo alikuwa anamwambia huku akinunua samaki wake. Nilitaka kitu kimoja tu tangu siku hiyo: mama asikie kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba ninafinyanga. Wangu haukutosha.

Nilimwambia Patron. Ndiyo, nilimwambia, ilinichukua wiki mbili. Nilisimama mbele yake nikasema, "Ng'ombe ni minye nilimutengeneza." Akasema, "Najua. Modele ingine ikipita, namuambia Mama Consolata ni weye. Na mama yako pia." Ilipita nyingine. Na nyingine. Mamba, dereva wa pikipiki, mwalimu mwenye fimbo. Kila mara alikuwa anasahau, mtu ambaye hasahau idadi ya misumari ndani ya kopo.

Mwaka wa nne Mama Consolata alituletea pate ya kutoka ng'ambo, imefungwa kwa karasi inayong'aa. Unafinyanga, halafu unaoka, inakuwa ngumu kama mfupa. Patron aliipenda kupita kiasi, akawa anaifungia kwa kufuli. Tulimpeleka kuku wa pate kwa muoka mikate wa jirani. Moto wa mikate si moto wa pate. Kuku alitoka mweusi, amepasuka kifuani, na mikate ya siku hiyo ilinuka plastiki mpaka kanisani. Lakini Patron hakuacha kusema kwamba pate ndiyo kitu, kwa sababu ikishaoka imekwisha, haibadiliki tena. Yaya Neema alikuwa anapaka sabuni kalibu. Aliposikia hivyo alinung'unika kitu ambacho sikukielewa siku hiyo. Nitakifikia.

Mwaka huu ilikuja komande, yaani oda, ya Mama Ndagala. Mama Consolata alitaka mwanamke wa Uvira, ameweka beseni la ndagala kichwani, anatembea. Ninyi mlikuwa mmeshaingia, lakini Jumamosi asubuhi mko kwaya, kwa hiyo mnayoyajua mliambiwa na Patron. Sikilizeni yangu.

Patron alinipa kazi ile akasema, mbele ya Yaya Neema, "Hii ikipita, namutaja Riziki. Neema uko shahidi."

"Niko shahidi tangu ng'ombe," alisema Yaya Neema.

Sikuhitaji kuwaza Mama Ndagala ni nani. Mama yangu akibeba beseni hashiki kwa mkono. Shingo inaenda nyuma kidogo, kidevu kinapanda, kama mtu aliyetukanwa na hataki kumjibu aliyemtukana. Shingo hiyo ndiyo niliyoitaka. Na shingo hiyo ilikuwa nyembamba, na juu yake beseni, na ndani ya beseni samaki wadogo kama vipande vya kucha. Udongo wa Lubarika ungekatika. Nta ingelala. Sabuni ingemeguka. Pate ilikuwa chini ya kufuli.

Pembeni ya meza ya mama, bariere pale, kuna mama mmoja anauza udongo wa kula. Mnaujua, vijiti vya kijivu vilivyokaushwa juu ya moshi, wanavyonunua wanawake wenye mimba. Nilimpita miaka yote. Siku hiyo nilisimama, nikanunua kijiti kimoja, nikatia mu meno kama nilivyofundishwa. Hakukuwa na mchanga. Hata chembe. Ulikuwa laini kama unga wa muhogo uliopepetwa mara tatu. Yule mama akanitazama tumbo. Nikaona haya nikakimbia, lakini nilirudi kesho yake nikanunua mfuko.

Niliuloweka, nikauchuja kwa kitambaa cha kichwa, nikaukanda. Sijawahi kugusa kitu kama kile. Shingo ilisimama kwa sipoki moja nyembamba ndani. Beseni nililikwangua kwa karte ya zamani ya simu mpaka likawa na mdomo kama wa bati. Ndagala niliwatengeneza mmoja mmoja, na kila mmoja nilimtia jicho kwa ncha ya sindano. Jumamosi tatu. Nilipomaliza nilimweka dirishani kwa jiko la Mama Ombeni, mke wa Patron, kwa sababu pale kuna kivuli cha kweli na hewa inapita. Nilifikiri nimechagua vizuri kila kitu, na mahali pa kukaushia pia.

Mama Ombeni alikuwa na mimba ya miezi saba.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama Ndagala bila beseni, bila kichwa, bila shingo. Mabegani kulikuwa na alama za meno mawili ya mbele, safi kabisa, wazi kuliko kitu chochote nilichowahi kufinyanga. Yaya Neema alikaa chini kwenye gunia la plasta akacheka mpaka mtoto wake akaanza kulia. Minye nilibaki nimeshika kiuno cha mama yangu mkononi.

Patron alikuja. Aliangalia meno yale, na nina hakika aliyajua, amelala nayo miaka kumi. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kimya.

"Nani alikuambia utengeneze modele na chakula?" akaniuliza.

Hakuna aliyeniambia. Hilo lilikuwa kosa langu na ninalikubali, ndilo pekee langu kati ya makosa ya siku ile. Unapochagua kitu cha kufinyangia, jiulize na hili: nani mwingine anakitaka, na anakitaka kwa nini? Mimi niliuonja udongo miaka mitano na sikuwahi kukumbuka kwamba kuna watu wanaumeza.

Saa nne Mama Consolata akafika. Aliuliza modele yake iko wapi. Na Patron Bahati, ambaye tangu ng'ombe alikuwa ameshindwa kulikumbuka jina langu, alilikumbuka.

"Ni huyu mutoto, Riziki," akasema, akaninyooshea kidole. "Riziki njo alivunja. Nilikuwa nimemaliza, mama, ilikuwa nzuri. Batoto ya siku hizi habana angalisho."

Mama Consolata akanitazama juu ya miwani. "Riziki," akasema, kama mtu anayeweka jina mahali. "Basi, Riziki, siku ingine ushike na mikono mbili."

Jioni Patron alipitia bariere akanunua ndagala, akamwambia mama pia. Mama alirudi nyumbani hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Umevunja kitu ya watu." Halafu akaniwekea chakula. Nilikula huku naangalia shingo yake. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na sijui kwa nini nilimkasirikia na yeye.

Patron alinipa wiki mbili na pate. "Safari hii unatengeneza na pate, unaoka kidogo kidogo, inakauka, inakwisha. Hakuna mwenye atakula." Akaniwekea kipande mezani. Alipotoka, Yaya Neema akasema bila kuacha kazi:

"Unajua juu ya nini anapendaka kitu ikauke?"

Nikatikisa kichwa.

"Ikikauka, ni ya mwenye nyumba. Mutu anaona sanamu imesimama, hawezi uliza mikono gani iliingia. Lakini kama iko bichi..." Akaacha. Akapuliza vumbi ndani ya kalibu. "Kama iko bichi, inaweza kuulizwa."

Hicho ndicho alichokuwa amenung'unika siku ya kuku.

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima shuleni. Halafu nikarudi kwa yule mama wa bariere, nikanunua mfuko mwingine. Nikachuma mubirizi nyuma ya choo chetu, yale majani machungu wanayokunywa wenye malaria, nikayatwanga, nikaukanda udongo na maji yake. Nilionja. Machozi yalinitoka. Hata mwenye mimba ya mapacha asingemeza ule.

Nikamtengeneza mama upya, na mara ya pili alikuwa bora, kwa sababu sasa nilijua kile kidevu kinajibu nini. Na sikumkausha. Nilimfunika kwa kitambaa kilicholoweshwa, juu yake mfuko wa plastiki, na kila nilipopata nafasi nilimnyunyizia maji kwa mdomo. Pate ya Patron niliificha nyuma ya magunia. Ijumaa jioni, nilipopita kutoka shule, alichungulia mlangoni.

"Iko kavu?"

"Karibu," nikasema.

Neno moja. Ni uongo, niliungama, lakini katika kazi zangu zote za miaka mitano ndiyo ninayoijivunia.

Jumamosi Mama Consolata alifika mapema. Patron akaleta modele mwenyewe juu ya ubao, akafunua kitambaa kwa vidole viwili. "Nimeirudilia kwa mikono yangu, mama. Huyu hata sikumuachia aguse."

Mama Consolata alizunguka meza. Alivaa miwani. Halafu akagusa mgongo wa sanamu, na alama ya kidole chake ikabaki.

"Aa, kumbe bado iko bichi," akasema. "Vizuri sana. Basi umuwekee mutoto mu mugongo. Kule ng'ambo wananiulizaka mama mwenye mutoto. Fanya hapa hapa, nione. Magari yangu bado."

Patron akacheka. Akasema kwamba ni kazi ya siku mbili. Mama Consolata akavuta kiti akakaa. Akasema mtoto ni kitu kidogo, hata minyoo inatengeneza watoto.

Nilikuwa kwenye chujio langu, nimesimama mahali pangu pa siku zote. Nitaandika kweli: nilifurahi, na wakati huohuo niliogopa. Patron alichukua bonge, akaliviringisha. Likawa kiazi. Akalibandika mgongoni, likadondoka. Hakujua kwamba lazima uchane pande zote mbili na uzipake udongo wa maji kwanza, jambo ambalo Esta alilijua wiki yake ya pili. Akalibandika tena kwa gumba, akasukuma, na nikaona shingo ya mama yangu inainama mbele. Mikono yangu ilitoka kwenye maji yenyewe.

"Papa Ombeni, utamuvunja shingo."

Ilikuwa sauti ya Mama Ombeni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, tumbo mbele, kijiti cha udongo mkononi, anatafuna.

"Mupe Riziki," akasema. "Si ni yeye anazitengenezaka? Weye tangu tuoane sijaona udongo mu kucha zako." Akatafuna, akameza. "Na ile ingine hakuvunja. Ni minye niliikula."

Yaya Neema alikuwa ameinamia kalibu, mabega yake yanatetemeka.

Nikaja. Nikakitoa kiazi. Nikairudisha shingo kwa pumzi na kidole kimoja. Nikachana, nikapaka, nikaweka mtoto: kichwa upande, kitenge kimepita chini ya makalio, vinyayo viwili vimetokea kiunoni. Fundo la kitenge nililifunga kwa uzi. Macho sikumtia. Anayebebwa analala, nikachora mstari mmoja kwa ukucha. Nadhani ilichukua muda wa kuchemsha chai.

Mama Consolata alivua miwani.

"Na ng'ombe wa pembe?"

"Yeye," alisema Mama Ombeni.

"Na mamba? Na mwalimu?"

"Yeye. Kiboko ya pili njo ya Neema."

"Nusu," alisema Yaya Neema.

Patron alisema kwamba atelie ni mkono mmoja, kwamba yeye ndiye aliyefundisha, kwamba mama anaelewa mambo ya biashara. Alisema mengi. Mama Consolata alikuwa ananiangalia mimi.

"Weye ni mutoto wa nani?"

"Wa mama mwenye anauza ndagala kwa bariere," nikasema. "Karibu na yule wa udongo."

Akaigeukia sanamu. Akaikagua ile shingo, kile kidevu. "Njo yeye huyu," akasema polepole. "Kila siku namupita."

Patron alingoja mpaka gari liondoke. Hakupiga kelele. Aliifuta mikono yake, ile yenye kiazi, akasema, "Wiki ijayo usikuje. Uko na egzame." Hiyo ndiyo pensheni yangu. Kalibu ya Mama Ndagala imebaki kwake, na udongo wenyewe ulikombwa kwa kijiko kutoka ndani ya plasta, kama kawaida, umekwisha. Sanamu zinatoka sasa hivi, nadhani ninyi ndio mnazipaka rangi, na nasikia bado anawaambia wateja ni zake. Ninaandika hili na kalamu inatoboa tena karasi.

Mama alirudi Jumatatu akiwa amechelewa. Mama Consolata alikuwa amesimama mezani kwake, akamwambia ni nani anayefinyanga, na ile shingo akaiigiza. Mama alitua beseni, akanawa magamba ya samaki, akakaa. Alijishika shingo.

"Iko vile?" akaniuliza. "Shingo yangu inaenda vile?"

"Iko vile."

"Na ile siku uliniambia, nikasema ni uongo."

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Akanivutia ungo, tukachagua ndagala sisi wawili.

Zawadi na Esta, mfuko wa udongo wa kula uko nyuma ya magunia ya plasta, upande wa mlango, pamoja na pate ya Patron, kama bado hajaiona. Mubirizi unaota nyuma ya choo chetu, mama anajua mtakuja. Onjeni kila mara kabla ya kuanza. Na siku Mama Consolata anakuja, mmoja wenu aache kwaya, afike mapema, aloweshe kitambaa.